Ndege ya 1940, Bati la Juzi

Uwanja wa Duxford uko kusini mwa Cambridge, na upande wake wa mashariki umebanwa na barabara kuu ya M11. Barabara hiyo ilipojengwa miaka ya 1970 iliumega uwanja, njia ya kurukia ikawa fupi. Concorde inayoonyeshwa hapo ilitua Agosti 1977, kabla njia haijakatwa. Ingechelewa, isingepata pa kutua. Njia iliyobaki inazitosha ndege ambazo ndizo hasa zinazowavuta watu: Spitfire, Hurricane, Mustang na nyinginezo zilizopigana Vita vya Pili vya Dunia, ambazo kwa tabia ya kawaida ya madini na chumvi zilipaswa kuwa zimekwisha kuliwa zamani.

Tulifika asubuhi kutoka Luton kwa gari la shemeji. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, fundi magari, ameishi Uingereza tangu ujana wake. Nilikuwa nimemweleza kwamba nimekuja kuangalia jinsi ndege za kivita za zamani zinavyorudishwa hewani, na kwamba kuna jambo linanisumbua: ikishafunguliwa yote, ikabadilishwa mabati, mihimili na nyaya, ile inayoruka mwishowe ni ndege gani? Alinijibu kwamba fundi hajibu swali la namna hiyo kabla hajaiona kazi yenyewe.

Kazi yenyewe tuliiona mbele ya Spitfire namba N3200. Ni ya toleo la kwanza, Mk I, ya Kikosi cha 19, kikosi kilichotangulia vingine vyote kupewa Spitfire, hapa hapa Duxford, Agosti 1938. Tarehe 26 Mei 1940, wakati majeshi ya Uingereza yamezingirwa Dunkirk, kamanda wa kikosi hicho, Geoffrey Stephenson, aliirusha N3200 kwenda kupigana upande wa pili wa bahari. Ilikuwa mara yake ya kwanza vitani, ikawa na ya mwisho. Ilipigwa, akaiteremsha kwenye ufukwe wa Sangatte, karibu na Calais. Stephenson alitekwa, na baadaye akafungwa katika ngome ya Colditz. Wanajeshi wa Kijerumani walipiga picha kando ya ndege yake, kisha mchanga ukaimeza polepole. Ilionekana tena mwaka 1986. Machi 2014 iliruka kutoka Duxford baada ya kufufuliwa na mafundi wa hapo hapo uwanjani, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa kwa Imperial War Museums.

Kwa mbali ni Spitfire kama nyingine: mabawa yenye umbo la yai, pua ndefu, herufi QV za Kikosi cha 19 ubavuni. Ukisogea ndipo unapoona tofauti. Nyuma ya chumba cha rubani, ribiti zinazoshika mabati zina vichwa vya mviringo vinavyotokeza juu. Kwenye mabawa vichwa ni bapa, vimelala sawasawa na bati. Hilo si pambo. Ribiti bapa hupunguza ukinzani wa hewa, lakini kuzipiga kunachukua muda na pesa. Wahandisi wa Supermarine walipotaka kujua ni wapi wanaweza kutumia zile za mviringo bila kupoteza kasi, walibandika kwa gundi nusu za punje za njegere kavu juu ya ribiti bapa za ndege ya majaribio. Wakairusha, wakabandua safu moja, wakairusha tena, wakipima kasi kila mara. Hivyo wakapata jibu. Spitfire za baadaye zilipata ribiti bapa mpaka nyuma, lakini ya mwaka 1940 haikuwa nazo. Aliyeifufua N3200 angeweza kuweka ribiti bapa kila mahali na asigunduliwe na mtu mmoja katika mia. Hakufanya hivyo.

Shemeji alipitisha macho kwenye zile safu za ribiti kwa muda mrefu, mikono nyuma kwa sababu kugusa hairuhusiwi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hili bati ni jipya."

Ni kweli. Sehemu kubwa ya bati linaloonekana ni jipya, na haiwezekani iwe vingine. Alumini iliyokaa miaka 46 ndani ya mchanga wenye maji ya chumvi haiwezi kubeba uzito wa mtu angani. Kiungo kikuu cha bawa la Spitfire, ule mhimili wa mbele, umetengenezwa kwa mabomba ya mraba yaliyochomekwa moja ndani ya jingine. Kutu ikiingia katikati ya mabomba hayo haionekani kwa nje, na hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeweka sahihi yake juu ya mhimili wa namna hiyo. Isitoshe, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza haitoi kibali cha kuruka kwa sababu ya historia tamu. Inataka kujua kila kipande kimetoka wapi, kimepimwa na nani, kwa kipimo gani. Kipande cha zamani kikifaulu vipimo kinarudi mahali pake. Kisichofaulu kinachongwa upya kwa kufuata michoro ya kiwandani.

Hapa ndipo maneno yanapoanza kuchanganyika, na ni vizuri kuyatenganisha. Mtu akisema ndege ni ya asili anaweza kuwa na maana ya madini: kwamba alumini ile ile iliyopigwa ribiti mwaka 1940 ingali mahali pake. Anaweza kuwa na maana ya umbo na utendaji: injini ya toleo lile lile, pangaboi lile lile, vifaa vile vile mbele ya rubani. Anaweza kuwa na maana ya utambulisho, yaani kile kibati kidogo chenye namba, pamoja na makaratasi yanayoonyesha mlolongo usiokatika kuanzia kiwandani hadi leo. Na mara nyingi mtu anamaanisha la nne ambalo halisemwi wazi, yaani ujuzi: kwamba kazi imefanywa kwa mikono na mbinu zile zile. N3200 ina kidogo cha la kwanza na kingi cha mengine matatu. Kwa maoni yangu hiyo ni ndege halali kabisa, mradi tu mwenye nayo aseme hivyo bila kuficha.

Kusema bila kuficha ndiko kunakokosekana mara kwa mara, na sababu yake ni pesa. Spitfire nyingine iliyotolewa kwenye mchanga wa Calais, P9374, iliyoanguka tarehe 24 Mei 1940, ilirudi hewani 2011, na Julai 2015 ikauzwa kwenye mnada wa Christie's jijini London kwa zaidi ya pauni milioni 3, fedha zikaenda kwenye hisani. Pakiwa na bei za namna hiyo, kibati cha utambulisho kilichofukuliwa shambani kinakuwa mali. Ukiwa nacho, pamoja na mikono miwili mitatu ya vyuma vilivyopinda, unaweza kujenga ndege mpya tangu puani hadi mkiani na kuiita ya 1940. Sheria haikukatazi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi: huwezi kufukua ndege iliyoanguka bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, na sababu ya msingi ni heshima kwa marubani ambao huenda wangali humo ndani. Lakini baada ya kufukua, kiasi gani cha kile kilichofukuliwa lazima kiwemo katika ndege itakayoruka, hilo limeachwa kwa dhamiri ya mjenzi na mwenye mali.

Kinyume cha hayo ni Hurricane namba R4118. Hii ilipigana katika Mapambano ya Uingereza mwaka 1940, ikiwa na Kikosi cha 605 kutoka Croydon. Baadaye wakati wa vita ilipelekwa India, na ikaishia kwenye Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, Varanasi, ikiwa kifaa cha kufundishia wanafunzi wa uhandisi. Mwingereza Peter Vacher aliiona huko mwaka 1982, ikiwa imekaa nje, miti inaizunguka. Ilimchukua takriban miaka 20 kupata ruhusa ya kuitoa. Iliruka tena Desemba 2004. Tofauti yake na zile za kibati ni kwamba R4118 haikuwahi kukatwakatwa wala kuzama. Ilikaa tu, nzima, ikisubiri. Hurricane nayo imejengwa kwa mabomba ya chuma, fremu za mbao, na kitambaa kwa nje sehemu ya nyuma. Kitambaa kilikuwa kikibadilishwa hata wakati wa vita. Kukibadilisha leo si kuiharibu ndege, ni kuitunza kama ilivyotunzwa na mafundi wake wa kwanza.

Duxford ina mifano mingine miwili ambayo nisingependa kuipita. Wa kwanza ni Bristol Blenheim. Bodi yake ilijengwa Kanada. Blenheim ya kwanza kufufuliwa iliruka 1987 na kuanguka mwezi uliofuata. Ya pili iliruka 1993, ikaumia mwaka 2003 wakati wa kutua. Ilipojengwa tena, pua fupi ya toleo la kwanza iliyofungwa ilikuwa pua halisi ya Blenheim L6739, ambayo baada ya vita mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Bristol aliinunua na kuigeuza gari la umeme, akawa anaiendesha barabarani. Tangu 2014 pua hiyo inaruka tena. Bodi ya Kanada, pua iliyowahi kuwa gari, namba ya ndege ya Kikosi cha 23: hapo hakuna udanganyifu wowote, kwa sababu wanaoitunza wanakueleza kisa chote kabla hujauliza, na ukishakisikia unaipenda zaidi.

Wa pili ni zile "Messerschmitt" zinazofukuzana na Spitfire kwenye maonyesho. Nyingi kati yake ni Buchón, zilizojengwa Hispania baada ya vita kwa kufuata muundo wa Kijerumani, na kufungwa injini ya Merlin ya Uingereza. Ndizo zilizotumika kwenye filamu ya mwaka 1969, Battle of Britain. Injini ya Daimler-Benz hukaa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini. Merlin hukaa na silinda juu. Kwa hiyo Buchón ina kidevu kinene ambacho Messerschmitt halisi haina, na mngurumo wake ni wa adui yake. Shemeji aliitambua kwa sauti tu, mgongo wake ukiwa umeielekea. Alisema hiyo ni V12 ileile tuliyoisikia nusu saa kabla, na alikuwa sahihi.

Kutoka Duxford hadi Old Warden, katika jimbo la Bedfordshire, ni safari fupi kwa gari, lakini unarudi nyuma miaka zaidi ya 20. Hapa pana mkusanyiko wa Shuttleworth. Mwanzilishi wake, Richard Shuttleworth, alikufa Agosti 1940 akiwa mafunzoni katika Jeshi la Anga, na mama yake, Dorothy, akaweka mali ya familia chini ya wakfu mwaka 1944 kwa kumbukumbu yake. Njia ya kurukia ni majani. Ndege kongwe kuliko zote, kama vile Blériot ya mwaka 1909 yenye injini ya silinda tatu, hutolewa nje jioni upepo ukishatulia, na upepo usipotulia hazitolewi, hata kama watu wamelipa kiingilio na wamesubiri mchana kutwa. Hakuna aliyelalamika. Watu walikaa kwenye nyasi wakitazama kifuko cha upepo kikilegea.

Old Warden ndipo nilipouelewa vizuri uhalisi wa namna ya nne, ule wa ujuzi. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na injini inayozunguka yote: silinda zimefungwa duara, na duara zima linazunguka pamoja na pangaboi wakati mhimili wa katikati umetulia. Injini hiyo hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, mbarika hii hii inayoota nyuma ya nyumba zetu, kwa sababu mafuta yake hayayeyuki kwenye petroli. Hayarudi kwenye tangi. Yanatupwa nje pamoja na moshi. Ikiwashwa, bodi yote inatikisika, ukungu mwepesi unasambaa hadi kwa watazamaji, na fundi aliyesimama nyuma ya bawa anapata rasharasha usoni. Harufu yake ni tamu kidogo, kama kitu kinachoungua jikoni. Haiwezi kuandikwa kwenye ubao wa maelezo, na ndege isiyowashwa haiwezi kukupa.

Hapo hapo kuna Sopwith Triplane, ndege ya mabawa matatu, iliyopewa jina la Dixie II. Ilijengwa na mafundi wa kujitolea wa Northern Aeroplane Workshops, kaskazini mwa Uingereza, kwa kufuata michoro na mbinu za kiwanda cha Sopwith, ikafungwa injini ya asili ya Clerget. Sir Thomas Sopwith mwenyewe, aliyekufa 1989 akiwa na umri wa miaka 101, alipoonyeshwa kazi yao alikataa isiitwe nakala. Alisema ihesabiwe kuwa ndege iliyochelewa kutoka kiwandani kwake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko mtu yeyote, na naona alitoa hukumu nzuri: hakusema ni ya 1917, wala hakusema ni ya bandia.

Kazi ya namna hiyo imefanyika pia New Zealand, ambako kampuni ya The Vintage Aviator, ya mwongoza filamu Peter Jackson, imejenga ndege za Vita vya Kwanza pamoja na injini zake. Miongoni mwao zimo BE2, ndege nzito, za polepole, ambazo vitabu vya vita vya Ulaya huzitaja kwa masikitiko. Kwetu zina historia nyingine. Mwaka 1916 Kikosi cha 26 cha Afrika Kusini kilishukia Mombasa na BE2c zake, kikaziunga, kikazirusha kutoka Mbuyuni, upande wa Taveta, kuwasaka askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Wazee waliozisikia zikipita chini ya Kilimanjaro hawapo tena. Lakini yupo fundi upande wa pili wa dunia anayejua leo jinsi ya kuinyoosha mbao ya bawa la ndege hiyo na kuisikiliza injini yake ikikosa, na ujuzi huo haukuokolewa na makumbusho yenye ndege zilizoning'inizwa darini. Umeokolewa na wale waliolazimika kuifanya iruke.

Hata hivyo kuna ndege ambazo haifai kuzigusa, na hilo ni lazima lisemwe kwa nguvu ile ile.

Kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, Hendon, kaskazini mwa London, kuna ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048. Aprili 1942 ilikwenda kuishambulia meli ya kivita ya Kijerumani, Tirpitz, katika Norwei. Ikapigwa, ikatua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen, kisha barafu ikayeyuka na ndege ikazama. Iliopolewa mwaka 1973. Imelazwa kwenye taa hafifu vile ilivyotoka ziwani, mabati yamekatika, mbavu ziko wazi. Mtu angeweza kutengeneza mabati mapya na kuipaka rangi nyeusi ing'ae. Angefuta ushahidi wote.

Mjini Canberra, Makumbusho ya Vita ya Australia yana Spitfire P7973 ambayo bado imevaa rangi yake ya wakati wa vita. Spitfire zinazopendeza kuliko hiyo zipo kwa makumi. Mtu akitaka kujua rangi za wakati wa vita zilionekanaje hasa, zilipakwaje, zilichubuka wapi buti za rubani zilipokanyaga, hawezi kujifunza kwenye zile zinazopendeza. Marekani nako, Smithsonian wanaisafisha Flak-Bait, ndege ya mabomu aina ya B-26 iliyoruka zaidi ya mara 200 vitani na kurudi, kwa uangalifu wa daktari wa macho, wakibakiza viraka vya mabati vilivyopigwa juu ya matundu ya vipande vya mizinga. Smithsonian hawairushi. Hawairudishi hata katika upya wake, kwa sababu ule upya haukuwa na historia.

Hasara ya kutofuata njia hiyo ilionekana Misri. Mwaka 2012 ndege ya Kittyhawk ilionekana katikati ya jangwa la Sahara, karibu nzima, namba ET574. Ilipotea Juni 1942 ikiwa na rubani Dennis Copping, kijana wa miaka 24. Kwa miaka 70 upepo wa mchanga uliisugua rangi yake. Rubani alinusurika kutua, akatoka, akajitengenezea kivuli kwa parachuti lake, kisha akatembea kuelekea asikokujua. Ndege nzima ilikuwa hati inayosomeka. Ilihamishiwa El Alamein, na huko ikapakwa rangi mpya. Nia haikuwa mbaya. Walitaka ipendeze kwa wageni. Ila kile ambacho jangwa lilikitunza kwa miaka 70 hakirudi tena, na hakuna fundi hata mmoja duniani anayeweza kukitengeneza.

Hata kuirusha ndege ya asili kuna gharama yake. Messerschmitt inayoitwa Black 6 ilitekwa Libya Novemba 1942 na Waaustralia wa Kikosi cha 3. Ilikuwa Messerschmitt hasa, yenye injini yake ya Daimler-Benz, tofauti na zile Buchón. Russ Snadden na wenzake waliihangaikia kuanzia 1972 hadi ikaruka Machi 1991. Makubaliano yalikuwa iruke kwa kipindi maalumu kisha ikapumzike makumbusho. Tarehe 12 Oktoba 1997, katika safari iliyokusudiwa kuwa ya mwisho, ilipata hitilafu hapo Duxford, ikapitiliza njia, ikavuka juu ya M11 na kupinduka shambani ng'ambo ya pili. Rubani alipona. Ndege ikatengenezwa tena, safari hii ya kutazamwa tu. Wapo wanaosema haikupaswa kurushwa kamwe. Mimi nasema kazi ya wale mafundi ilistahili kuruka, lakini ndege pekee ya aina yake inapaswa kuwa na mpaka wa saa za kuruka unaopangwa mapema na kuheshimiwa, na kipande chochote chenye alama ya mkono wa 1942 kiondolewe na kuhifadhiwa kabla haijatoka nje.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Coningsby, katika Lincolnshire, kwa kikosi cha kumbukumbu cha Jeshi la Anga chenye Spitfire, Hurricane na Lancaster. Spitfire P7350 iliyopo hapa ilipigana katika Mapambano ya Uingereza mwaka 1940. Mwaka 1948 iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa pauni 25, naye akairudisha bure. Kwenye bawa la kushoto viraka vya matundu ya risasi bado vipo.

Lakini kilichonileta Coningsby ni ndege ya mabomu, Lancaster PA474. Duniani kote zimebaki Lancaster mbili tu zinazoruka, hii na nyingine iliyopo Hamilton, Kanada. PA474 iliundwa katikati ya 1945, ikakusudiwa kwenda kupigana na Japani, vita vikaisha kabla haijaenda. Haikudondosha bomu hata moja vitani. Majira ya baridi ya 1995 kuingia 1996 ilibadilishwa mhimili mkuu wa mabawa ili iendelee kuruka. Kibanda cha mpiga bunduki cha mgongoni kilipatikana Argentina na kuletwa kwa manowari ya Uingereza, kwa sababu chake cha asili kilikuwa kimeng'olewa. Kwa nini kiling'olewa? Hapo ndipo nilipomshika mkono shemeji.

Baada ya vita PA474 ilivuliwa bunduki zake, ikafungwa kamera, ikapewa Kikosi cha 82. Kazi yake ikawa kupiga picha za ardhi katika Afrika Mashariki na Kusini. Idara ya upimaji wa makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, ilikuwa ikichora ramani kwa kutumia picha za namna hiyo: milima, mito, vijiji, njia za miguu, katika vipimo ambavyo maofisa wa ardhi wa Kenya na Tanganyika walivitumia miaka mingi, hata baada ya uhuru. Ramani hizo zilimsaidia mkoloni kutawala, na pia zikarithiwa na nchi zilizokuja kujitawala. Hiyo ndiyo kazi ambayo ndege hii iliifanya kwa kweli, ikiwa hewani, miaka ya ujana wake.

Kazi hiyo haimo kwenye rangi yake. Tangu ianze kuonyeshwa imepakwa alama za Lancaster nyingine zilizopigana. Katika miaka ya karibuni ubavu mmoja ulivaa herufi za ndege ya Kikosi cha 460 cha Australia na wa pili herufi za Kikosi cha 50. Naelewa sababu. Zaidi ya watu 55,000 wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walikufa, na ndege hii inaruka kwa niaba yao; hakuna anayestahili kuwanyima hilo. Ila watu waliojali kutafuta kibanda cha bunduki hadi Argentina ili umbo liwe sahihi wanaweza pia kujali kisa cha ndege yenyewe.

Shemeji alilitazama tumbo la ndege, kule mabomu yalikokuwa yakikaa, akauliza kama inawezekana ilipita juu ya Unguja. Nikamwambia siwezi kumhakikishia Unguja. "Basi waandikie," akasema, "waulize daftari la safari zake." Barua niliiandika usiku ule Luton, kwenye meza ya jikoni kwake. Inaomba mambo mawili: kuona orodha ya safari za PA474 ikiwa na Kikosi cha 82, na kwamba itakapofika zamu nyingine ya kupakwa rangi, upande mmoja upewe alama za kikosi hicho kwa msimu mmoja, pamoja na ubao unaotaja Afrika Mashariki kwa jina.